Kiti cha Baba Mdogo

Juzi, kwenye mechi ya shule kule Westville, nilimwona mtoto mmoja, mchezaji wa akiba, amekaa pembeni na jaketi lake. Nikaikumbuka saluni ya baba pale Warwick nilipokuwa mdogo, harufu ya spiriti na honi za teksi mlangoni.

Kwenye televisheni wateja walitaka ligi kubwa ya Uingereza. Baba aliwawekea daraja la pili, kwa sababu mdogo wake alikuwa mchezaji huko. Msimu mzima kamera ilimpitia amekaa tu kwenye benchi. Kanisani kwetu wanaokaa mbele ni pasta na wazee, vijana ndio hukimbizwa huku na huko. Basi nilijua baba mdogo ndiye mkubwa wa timu. Sikuelewa kwa nini bibi alipiga simu kila Jumamosi kutoka Bukavu kuuliza kama mwanawe ameingia uwanjani.

Siku ya mwisho timu ilipanda daraja. Filimbi ilipolia, wachezaji wa akiba wote walikimbilia wenzao uwanjani, naye akiwemo, jaketi limefungwa hadi shingoni.

"Papa, bamemunyang'anya kiti!" nililia.

Baba alizima mashine ya kunyolea. Simu ilikuwa inaita.

"Ndiyo, mama," alisema. "Leo aliingia uwanjani."