Nilihamia Nabuyonga binti yangu alale nyumbani. Yaliyonikuta!

Wakuu, salamu kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Na nina hasira, mnivumilie.

Mimi ni Mkenya, dereva wa lori. Tulikaa Jinja, huku Uganda, miaka minne. Shule nzuri ilikuwa mbali, kwa hiyo binti yetu Mercy akawa boarding, analala shuleni, angali mdogo. Alipomaliza P.5, yaani darasa la tano, mke wangu akasema imetosha, mtoto alale kwao. Na kazi yangu ilikuwa imehamia Mbale, nikaona sawa.

Mtaa wa Namakwekwe, hapo Mbale, tulipata nyumba safi, lakini kwenda shule ni mpaka upande bodaboda. Mke akakataa.

Mtaa wa Nabuyonga tukapata vyumba viwili vinavyopakana na shule. Ni fensi tu katikati! Jikoni finyu, maji yanakuja yakitaka. Nikasema liwalo na liwe, nikalipa miezi sita.

Na niliuliza, wakuu. Nilienda mpaka ofisini kwa headteacher.

"Madam, day mnayo?"

"Day iko, mzazi."

Nikatoka nimefurahi, mtoto atarudi kulala kwetu, mjinga mimi. Sikuuliza day ni ya darasa gani.

Siku ya kuripoti mwalimu ananipa orodha: godoro, ndoo, jerikeni, blanketi. Nikacheka. "Mwalimu, sisi tunakaa pale, lile paa la bluu."

"Mzazi, P.6 na P.7 wote wanalala. Day inaishia P.5."

Mnaokaa Uganda mnajua, shule nyingi huwafungia watoto wa P.7 ndani kwa ajili ya mtihani wa kumaliza msingi. Hiyo niliijua. Sasa P.6 nayo imeingiaje, jamani?

Nikabeba godoro kichwani kutoka sebuleni hadi bwenini. Dakika mbili! Jirani yetu, afande wa magereza, alicheka mpaka akakaa chini. "Bwana, hata wafungwa yangu naona watu yao kila wiki!"

Sisi visiting day ni mara moja kwa term. Nikisogelea fensi, matron ananifukuza. "Mzazi, unamsumbua mtoto." Mtoto wangu mwenyewe! Na kengele yao ya saa kumi na moja alfajiri inatuamsha sote, utadhani na mimi nina mtihani.

Juzijuzi ndiyo ilikuwa visiting. Tulidhani Mercy ataomba sukari. Akamshika mama yake mkono, akasema, "Mama, usipike chapati jioni. Harufu inafika bwenini, halafu nalia, wenzangu wananicheka."

Mke wangu hajapika chapati tangu siku hiyo.

Somo nililopata: usiulize kama shule ina day. Taja darasa la mtoto wako, uliza atalala wapi, ndipo utafute nyumba.

Kama kuna mwenye mtoto wa P.6 hapa Mbale anayelala kwao, aniambie ni shule gani. Nitahama hata kesho.