Wifi, maharage na bomba la juani

Jamani, leo nusura nimuunguze mwanangu kwa maji ya bomba.

Na wala hatuna hita! Bomba letu hapa Kimara liko uani, mpira wake mweusi unashinda juani, na mchana maji ya mwanzo unaweza kuchemshia chai. Nyumba nzima inajua: fungulia, yamwagike kwanza.

Ila leo nilikuwa na hasira na wifi, dada wa mume wangu. Kisa? Kayaunga nazi maharage yangu bila kuniuliza. Mie mtu wa bara, nazi siitaki.

Nikambeba mtoto na matope yake, huku nafoka, nikamsogeza bombani, nikafungulia yote.

Wifi alitanguliza mkono wake kati ya maji na mtoto.

"Wifi, yanaunguza!" akanipigia kelele.

Mtoto mzima, alhamdulillah. Wifi kiganja chekundu. Tumekimwagia maji ya ndani taratibu mpaka kikapoa. Akataka kupaka dawa ya meno, nikamkatalia. (Ndiyo, tukagombana tena.)

Ukipandwa na hasira, muweke mtoto chini kwanza. Ugomvi utakusubiri.

Maharage ya nazi nimekula, nikaongeza. Nyie mngethubutu kukataa?