Jembe Sikulitoa

Siku ile naikumbuka hadi harufu ya udongo wake, mwanangu. Nilikuwa mke mpya, nimesimama ndani ya ngoro, shimo letu la kulimia, huko Mbuji, jasho linanitiririka, na mama mkwe wangu anachimba shimo la pembeni yangu. Unajua kazi yetu Wamatengo ilivyogawanywa. Mwanamume anafyeka nyasi, anazilaza miraba miraba mteremko mzima, kisha anaondoka zake. Mwanamke ndiye anayechimba katikati ya kila mraba na kuzifunika zile nyasi kwa udongo, mpaka kilima chote kiwe mashimo tayari kwa maharage. Mgongo unaouma jioni ni wa nani, sihitaji kukuambia.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wanunuzi binafsi wa kahawa wameanza kupanda milima yetu na magari yao. Gari moja likasimama, akashuka kijana wa Dar es Salaam na kamera yake. Alikuwa ametoka ziwani, Kihagara, kuwapiga picha wavuvi, na sasa alitafuta mkulima wa kuweka kwenye kalenda ya wanunuzi hao. Alimwamkia mama mkwe Shikamoo vizuri tu, kwa hilo sina ugomvi naye. Kisha akamwita mume wangu, aliyekuwa amejipumzikia pembeni.

"Dada, mpe kaka jembe aingie shimoni," akaniambia. "Wewe simama nyuma yake na kikapu, utabasamu."

Mume wangu akanyoosha mkono, meno yote nje. Hebu fikiria! Mkono ule haukuwahi kuchimba hata ngoro moja.

"Sitoi," nikasema.

"Usiniaibishe mbele ya wageni," akaninong'oneza kwa Kimatengo, na nilijua maana yake. Mke mpya ambaye hajazaa, akimwaibisha mumewe, anarudishwa kwao. Niliogopa. Lakini hasira ilinizidi.

"Kama ni kunirudisha, nirudishe. Shimo hili nimelichimba mimi."

Nikamtazama mama mkwe, nikisubiri anigombeze. Akatoka shimoni kwake, akaingia langu, akasimama ubavuni pangu na jembe lake begani.

"Baba," akamwambia mwanawe, "nyengo yako ya kufyekea ile pale. Ukitaka picha, kaishike."

Kijana akabonyeza kamera mara moja, kama anayetaka tu yaishe, gari likaondoka. Kalenda ilipotoka, madukani Mbinga alining'inia mwanamume wa kijiji kingine, yumo shimoni na jembe, mkewe anatabasamu nyuma. Wanawake sokoni walimcheka mpaka wakashika mbavu. Picha yetu sikuiona kamwe. Mume wangu alininunia mpaka maharage yakaota, akachoka mwenyewe, na kwetu sikurudishwa.

Sasa wewe unayesafiri ukipiga watu picha, sikiliza. Ukimkuta mtu kazini, mpige pale pale alipo, na uulize kazi ni ya nani kabla hujaanza kuwapanga watu. Na siku watakapokupanga wewe, wakikuambia usogee ili mwingine asimame kwenye jasho lako, kataa. Kataa hata sauti ikitetemeka, hata kama picha hiyo hakuna atakayeiona. Mungu akutangulie njiani, mwanangu. Akupe kazi ya kukuchafua mikono, na akuondolee kabisa haya ya kusema, hii ni yangu.