Kurasa Zinazotazamana

Mwanangu, nakumbuka nilivyochekwa siku moja hapa Minnesota, nikiwa kijana mgeni. Shule niliishia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kumtunza Bibi Hilde, ajuza wa Kijerumani, nyumbani kwake Plymouth. Baridi ya mwaka huo, wacha tu. Kope zilikuwa zinaganda. Basi kanisa letu la Wakenya likataka kitabu cha picha, na mwenye kamera ni mimi.

Nikawapiga picha kama tulivyozoea: wima, mikono mapajani, hakuna anayecheka. Mchungaji mbele, wazee kwa vyeo vyao, kina mama mwisho. Nikampelekea Bibi Hilde anisifu.

"Hiki ni kitabu au foleni ya benki?"

Nikamwambia kwetu mkubwa hutangulia, na heshima si utumwa. Akanituma kabatini nilete kitabu alichochapa baba yake Berlin, kati ya vile vita viwili vikubwa. Maneno hamna, mwanangu, picha tupu. Ukurasa huu ngazi imepigwa kutoka juu, ule wa pili meno ya mashine, karibu mpaka unataka kuyagusa. Nilidhani mpiga picha alikuwa amelewa.

"Baba alizitandaza picha sakafuni," akasema, "akatembea kwa soksi katikati, akitafuta ipi inaongea na ipi. Iliyonyamaza aliitoa."

Kuuliza si ujinga; nilimuuliza wiki nzima, kisha nikaanza upya. Nikapiga mikono ya Mama Njeri, aliyekuwa akinipokea shifti, ikimfunga Bibi Hilde viatu. Ukurasa wa mkabala nikaweka barafu ya mto Mississippi ikipasuka pale Champlin. Waumini nikawapiga picha kutoka juu ya paa, wakizoa theluji uani mwa kanisa.

Kamati ya kanisa ikanikalia kikao. Mwenyekiti akafunua, akakunja uso. "Kijana, mchungaji yuko wapi?"

"Huyo mwenye koleo la theluji."

"Hii ni kofia."

"Ni yake, mzee."

Wakaanza kusema kitupwe. Hapo binti wa Mama Njeri, aliyekuja naye kikaoni na ambaye siku zote alimjibu mamake kwa Kiingereza, akaweka kidole kwenye picha. "Mama, hii ni mikono yako?"

"Ni yangu."

"Kila siku unafanya hivi?" Akaushika mkono wa mamake, hakuuachilia.

Mchungaji akasema, "Chapeni hivyo hivyo. Na kofia yangu."

Kilichapwa, mwanangu, na hadi leo kiko sebuleni mwa watu, Apple Valley mpaka Champlin.

Basi nisikie. Mkubwa mheshimu, lakini usimtazame mtu kwa cheo chake. Msogelee akiwa kazini, uone anachobeba, kisha umweke mahali watoto wake watamwona. Na mzee akikucheka, vumilia umsikie mpaka mwisho. Mungu akupe macho yasiyochoka, na waliokulea wakuone ukishinda.