Bega la Seremala wa Miti

Wakati ule kazi yangu ilikuwa kupima mabega katika hospitali moja ya Bukavu. Daktari wetu alifanya utafiti: watu wenye bega lililokakamaa walipewa mazoezi bure, na kila Ijumaa tulipima mkono unainuka kwa upande hadi digrii ngapi. Kifaa chetu tulikiita gonio, vipande viwili vya plastiki vinavyofunguka kama bikari. Kimoja nilikilaza sambamba na mgongo wa kiti, cha pili kwenye mkono wa mgonjwa, nikasoma na kuandika.

Namba za wote zilikuwa zikipanda, isipokuwa seremala mmoja mzee wa kijiji cha Miti. Yeye sitini, wiki baada ya wiki. Nilimshuku kuwa anajifanya. Jumamosi ilikuwa siku ya salongo, kazi ya lazima ya serikali, kila mtu na jembe lake kwenye mitaro ya mtaa, na mwenye karatasi ya daktari alisamehewa. Nikaanza kumchunguza: mfuko alibeba kwa mkono upi, mlango alifungua kwa upi. Daima ule mzima. Hata hilo niliona ni ujanja, nikamweleza daktari.

“Asipopanda Ijumaa hii tunamutoa, citoyen,” akaniambia; siku zile sote tuliitana hivyo, raia.

Kutolewa kulimaanisha kukosa mazoezi, na bila bega lile mzee asingeshika randa tena.

Ijumaa akakaa kitini, wima kama nguzo. Sitini.

“Muzee, inua kabisa,” nikamwambia.

“Njo fasi inafikaka,” akajibu, yaani ndipo mkono unapoishia.

“Maman huyu amefika mia moja.”

Maman mwenyewe, muuza samaki, akacheka kwenye benchi. “Muzee anaogopa jembe!”

Mzee hakucheka. “Maman hakuinua mukono. Aliinamisha nyumba yote. Ukuta ukilala upande, utapima mulango namna gani?”

Nilikasirika. Nikamrudisha maman kitini ili nimwaibishe mzee. Safari hii sikutazama mkono, nilitazama mbavu. Mkono ulipoanza kupanda, kiwiliwili kizima kiliegemea upande wa pili, polepole, bila yeye kujua. Nikamwomba kitenge chake cha mabegani, nikamfunga kifua kwenye kiti.

“Unanifunga sawa na mwizi?”

“Inua, maman.”

Sabini.

Nilipima tena. Sabini. Daktari akaingia wakati huo kuchukua karatasi ya mzee ili amtoe, akamkuta maman amefungwa. Nikamweleza. Akafunua daftari nyuma, wiki hadi wiki, zile namba nzuri zilizopanda pamoja.

“Na hizi?”

“Siziamini tena, docteur. Nilipima kwa kiti, si kwa mwili.”

Akapiga mstari juu ya namba za kila mtu isipokuwa za mzee.

“Muzee, Ijumaa urudi.”

Seremala alikuwa bado anahangaika na mkono wa shati. “Na maman?”

“Na yeye. Wote tunaanza upya.”

“Basi munifungue kwanza,” akasema maman. “Samaki zangu ziko kwa jua.”