Betri Niliyoitupa Pipani

Ipo Jumanne moja ninayoikumbuka kila gari la taka linapopita mtaani, mwanangu, na nataka uisikie kutoka kinywani mwangu mwenyewe.

Wakati ule sikuwa Mama Mkubwa mnayemwona akiketi mstari wa mbele kanisani. Nilikuwa na miaka thelathini na miwili, nimetoka Bukavu, naishi Joubert Park, hapa Johannesburg, orofa ya tatu, na kazi yangu ilikuwa kupiga picha za harusi. Wakongo tunapenda harusi ionekane, nami nilikuwa wa kwanza katika watu wetu kurusha droni. Kila bibi harusi alitaka apigwe picha kutoka juu, shela limetandazwa nyasini. Sifa zikanipanda kichwani. Mtu akisifiwa sana, masikio yake huwa mazito.

Jumamosi ile droni iligonga tawi la mjakaranda ikaangukia mawe. Mapangaboi yake yalikatika. Hayo si kitu, hubadilishwa. Lakini betri ilibonyea ubavuni, na kufika Jumapili ilikuwa imevimba kama unga uliotiwa hamira. Ukiinusa, ilitoa harufu tamutamu kama dawa ya kufutia rangi ya kucha.

Jumatatu niliipeleka Fordsburg kwa Papa Anicet, mzee wa Kirundi aliyetengeneza simu kwenye meza ndogo mlangoni mwa duka la vitambaa. Niliibeba ndani ya mkoba, kwenye teksi ya huku, basi dogo lililojaa watu, wala sikujua nilichobeba. Papa Anicet alipoiona hakuigusa.

"Iweke chini, polepole. Hapo sakafuni, mbali na vitambaa."

Akaiinamia, akaitazama pande zote, kisha akanitazama mimi.

"Binti yangu, hii imekufa, lakini ni maiti inayoweza kuamka. Usiichaji tena. Usiitoboe kutoa hewa, hata ukishauriwa na nani. Ziba midomo yake ya kupitishia umeme kwa utepe wa fundi umeme, tafuta kopo la bati, uizike ndani kwa mchanga mkavu, kisha uliweke kopo roshani, mbali na kila kinachoshika moto. Hapa siwezi kuiweka, nyuma yangu nguo zimefika darini. Alhamisi nakwenda kwa wanaopokea vifaa vya umeme vilivyokufa, nitakuja kuichukua. Ndani ya nyumba isilale, na pipani isiende. Umenisikia?"

"Nimesikia, Papa."

Nilisikia, mwanangu, lakini kusikia si kushika. Joubert Park yote ni lami na saruji. Mchanga mkavu ningeutoa wapi? Nilikuwa na video ya kumaliza, na umeme siku zile ulikuwa ukikatika mara mbili kwa siku. Neno moja tu la mzee ndilo lililonitisha: ndani ya nyumba isilale. Basi nikaifunga betri kwa gazeti, nikaitia katika mifuko mitatu ya plastiki, nikashuka nayo, nikaiweka kwenye pipa la jengo. Nilipopanda ngazi nilijiona mwepesi. Nilifikiri nimeshatii.

Sasa nikwambie habari za Ntate Moeketsi; Ntate ni "baba" kwa Kisotho. Alikuwa Msotho wa makamo, mmoja wa wale wanaovuta toroli zenye magunia makubwa, wakiokota chupa na makaratasi kwenye mapipa ili kuyauza. Kila Jumanne alifika mtaani kwetu kabla ya gari la taka. Alikuwa msafi wa kazi: alichokitoa pipani alikichambua, na uchafu uliobaki aliurudisha ndani, akafunika. Mimi alinisalimia kila mara, nami nilikuwa nikimwekea maboksi yangu kando, yasilowe.

Asubuhi ile nilikuwa dirishani nikipiga mswaki. Nilimwona akitoa mifuko, akitenga chupa, akitupia makaratasi kwenye gunia. Gunia likajaa; kumbe furushi langu la gazeti nalo lilikuwa humo. Akapanda juu yake, kama alivyofanya siku zote, akalikanyaga kwa miguu miwili ili lishuke. Mara ya kwanza. Mara ya pili.

Kilitoka kishindo kidogo, kama chupa inayofunguliwa. Kisha moshi mweupe, mzito, ukifuatwa na moto uliochomoka kama unasukumwa na pumzi. Plastiki zikashika. Alijaribu kuruka, mguu ukanasa kwenye gunia, akaangukia humohumo. Mwenye spaza, kile kiduka cha chini ya jengo, alitoka na ndoo ya maji, mwingine na blanketi, wakamvuta. Sauti yake sitaieleza.

Nilishuka mbio na mswaki mkononi. Watu walikuwa wamejaa.

"Eish, hawa watu na sigara zao," alisema msimamizi wa jengo. "Kuanzia leo hakuna mwokota taka atakayegusa mapipa yangu."

Ntate Moeketsi hakuvuta sigara. Nilijua hivyo, na nilijua kilichowaka. Nikanyamaza. Nilijiambia kuwa mimi ni mgeni, kwamba katika mji huu mgeni akijulikana ameleta moto, jengo zima la wageni laweza kulipa. Hofu hiyo haikuwa ya uongo, mwanangu. Lakini niliitumia kama pazia.

Alhamisi Papa Anicet alikuja hadi kwangu, kopo la mchanga mkononi. Alikuwa amenitafutia mwenyewe.

"Betri iko wapi?"

Nilimweleza yote, nimesimama. Aliweka kopo chini. Akasema bila kupaza sauti:

"Nilikwambia pipani isiende, nawe ukaipeleka. Pipa umelifanya mwisho wa dunia, kana kwamba baada yake hakuna watu. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wewe uliukuta moto kitandani kwako, ukauhamishia kwa mwenzio anayekusalimia. Vaa viatu."

"Twende wapi, Papa?"

"Kwa huyo uliyemchoma."

Hospitalini tulimkuta amefungwa bendeji kutoka vidole vya miguu hadi kiunoni, akipumua kwa shida, maana moshi ule una sumu na ulikuwa umeingia kifuani. Nilimweleza kwa Kizulu changu kibovu, maana Kisotho sikukijua, kwamba sigara ni uongo, kwamba ilikuwa betri, na kwamba niliitupa mimi.

Akaniuliza neno moja: "Ulijua?"

"Nilijua ni hatari. Niliambiwa."

Alinitazama, kisha akageuza uso kuelekea ukutani. Sikupata msamaha, mwanangu, na sina haki ya kuutengeneza leo ili hadithi iwe nzuri. Jumatatu iliyofuata alifariki. Dada yake alikuja kumchukua, akamrudisha kwao.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilikuwa kimeshafika. Nilikwenda polisi, wakaandika maelezo yangu, sikuitwa tena. Nilimwambia msimamizi ukweli mbele ya wapangaji, na wako waliohama kiti nilipokaa. Mwisho nikaenda chini ya daraja, wanapochambulia mizigo yao wenzake Ntate Moeketsi. Mmoja alitema mate karibu na mguu wangu. Lakini mwanamke mmoja, glavu zake zimechanika, akasema: "Tuonyeshe inafananaje, ili tuijue tukiiona."

Nikawaonyesha kwa picha, na nimekuwa nikirudi kuwaonyesha wapya hadi leo.

Kwa hiyo nisikilize, wewe unayerusha droni na kujiona una mabawa. Betri ikianguka, ikibonyea, ikivimba au ikitoa harufu, kazi yake imekwisha, hata kama bado inawasha taa. Usiichaji, usiikunje, usiitoboe, usiiweke juani wala karibu na kitanda. Iweke peke yake ndani ya bati lenye mchanga mkavu, nje. Wapigie simu kwanza wanaopokea taka za umeme, uwaambie wazi kuwa imeharibika, wakueleze jinsi ya kuifikisha; usiitumbukize kimyakimya kwenye sanduku la dukani la kukusanyia betri zilizokwisha. Ikianza kufuka moshi, usiibebe na usiuvute moshi wake: toa watu, funga mlango, ita zimamoto. Na pipani, mwanangu, kamwe. Kila pipa la Johannesburg lina mkono wa mtu unaoingia ndani yake.

Tena usilishike nusu ya neno la mkubwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wanavyosema, lakini mimi niliona kwa macho yangu kwamba guu linaloungua laweza kuwa la mwingine. Na ukikosa, sema siku hiyohiyo, mtu angali na pumzi ya kukujibu.

Mungu aihifadhi mikono yako, ayafungue masikio yako, na awalinde wote watakaogusa ulichokiacha nyuma yako, hata wale usiowajua majina. Amina.