Chumvi ya Meli ya Kichina

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Shule niliacha darasa la tano, Kiingereza nimekiokota viwandani, na leo nina karakana yangu hapa Savage, Minnesota. Kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi kwenye yadi ya meli ya mtoni, nilipokuta meli ya tanga ya Kichina imesimamishwa juu ya magogo, milingoti mitatu, macho yamechorwa omoni, kule mbele, sikushtuka. Niliuliza tu pa kuanzia.

Msimamizi wa yadi, Mkenya wa Apple Valley, mji wa jirani, akanicheka. "Wewe Mtanzania, unajua kazi ama unajua tu kuongea?"

"Bosi, ubao ukiniona mimi unanyooka wenyewe."

Mwenye meli alikuwa mzee wa Kichina tuliyemwita Nahodha. Alizaliwa humo humo ndani. Baba yake aliitumia kubebea chumvi miaka arobaini. Kisha ikabeba samaki, ikavuka bahari, ikawa mgahawa, mwisho ikaletwa huku kwa lori. Nahodha alitaka jambo moja tu: ielee tena yeye akiwa hai, ashike usukani.

Nilifanya kazi, jamani. Kalafati, yaani kuziba nyufa za mbao kwa pamba na mafuta, niliipiga peke yangu kote. Halafu nikafungua sakafu. Kati ya mataruma, zile mbavu za chombo, nikakuta chumvi imeshindiliwa, imeganda kijivu. Sasa chumvi mtu wa Minnesota utamwambia nini? Ile ya barabarani wakati wa theluji imenilia magari mawili. Sikuuliza mtu. Nikavuta mpira wa maji, nikaosha siku mbili mpaka mbao zikang'aa, nikaenda kujisifu kwa Msimamizi.

Nahodha alipokuja alipitisha kidole kwenye ubao, akakilamba.

"Chumvi iko wapi?"

"Nimeitoa yote, mzee. Na sikudai hata senti!"

Akakaa chini palepale. "Maji yasiyo na chumvi yanaozesha mbao. Ile chumvi ndiyo ilikuwa bahari yake."

Tulijaza nyingine, lakini uozo ulishaingia. Kiangazi cha tatu bisibisi ilizama kwenye mkuku, uti wa mgongo wa meli, kama kwenye mkate. Nahodha alifariki meli ikiwa bado juu ya magogo.

Mbao sigusi tena. Karakana yangu ni ya magari. Vijana, mkikuta kitu msichokijua, ulizeni kabla ya kuosha. Binti wa Nahodha hakunilaumu wala hakunidai. Kuikatakata meli na kuisomba nililipa mwenyewe: dola elfu nne mia tatu na kumi na saba.